Sonara Aliyenuka Uwatu

Binti yangu amejifungua, na nyumba yangu hapa Nizwa inanuka uwatu kutoka sebuleni mpaka darini. Wanaoujua wanaujua. Mbegu zikilala ndani ya maji hutoa ute, na ute ukichemshwa na samli na sukari hutoa harufu inayoingia kwenye mapazia, kwenye kanga, mpaka kwenye jasho la mwenye kuunywa, na haiondoki mpaka arubaini itoke. Majirani wanauita hulba na wao pia humnywesha mzazi, kwa hiyo hapana anayeshangaa. Kila aingiaye mlangoni huvuta pumzi na kusema mabruk. Mimi nikivuta pumzi naiona dhahabu. Namwona shangazi yangu Zuwena, Mungu amrehemu, kachutama mbele ya seredani na mrija wa shaba mdomoni, mashavu yamemvimba, na Bibi yuko nyuma yake juu ya mkeka akimwambia asifanye pupa.

Nililelewa Ibra, nyumbani kwa Bibi, kwa sababu baba na mama walikuwa na kazi Maskati na walikuja mwisho wa wiki tu. Tulikuwa wanawake watatu. Bibi alizaliwa Unguja, akaja Omani mtu mzima, na mpaka anakufa alikataa kuota ndoto kwa Kiarabu. Shangazi Zuwena, binti yake, alikuwa mjane na mwalimu wa sayansi katika skuli ya wasichana. Wa tatu ni mimi, ambaye hata meno ya mbele nilikuwa sijang'oa. Bibi akiniita mke mwenzake, ule utani wa mabibi wa kwetu kwa wajukuu wao wa kike, maana mjukuu ni mke wa babu. Babu mwenyewe sikumdiriki. Macho ya Bibi yalikuwa yameingia ukungu, akiona mwanga na vivuli basi, lakini vidole vyake vilikuwa na macho. Akishika nguo alikwambia kama imefuliwa vizuri au umemdanganya.

Alikuwa na kipuli kimoja cha dhahabu. Ukubwa wake kama kungumanga, umbo lake kama komamanga changa, na mwili mzima umepandwa punje za dhahabu ndogo kuliko ulezi, zimepangwa pembe tatu pembe tatu. Ukikisogeza jichoni uliona kila punje imesimama peke yake, imegusa chini kwa ncha tu, na mwanga unapita baina yake na jirani yake. Kilichozishika hukioni. Sonara wa kawaida huunganisha dhahabu kwa lehemu, yaani huyeyusha madini mengine katikati, na lehemu hujaa kwenye mapengo kama uji. Hapa hapakuwa na uji. Punje zilikaa kama zimetua zenyewe sasa hivi, na ukipuliza zitaruka.

Zamani vilikuwa viwili, vya harusi yake. Siku ya kuondoka Unguja alikishona kimoja kwenye upindo wa gauni na cha pili ndani ya mto, ili kikipotea kimoja kibaki kimoja, na ndivyo ilivyokuwa. Gauni lilifika, mto ukasahauliwa barazani. Akiutaja mto huo kila mvua iliponyesha, akisema sasa utakuwa umerowa, na sisi tukishukuru kwamba Ibra mvua hainyeshi mara nyingi.

Masikioni hakuvaa kitu. Kila tundu lilikuwa na kijiti chembamba cha kuti la mtende, na kikikatika alikichonga chengine kwa kupapasa. Nilimuuliza kwa nini asivae herini kama bibi za wenzangu, akanijibu kwamba dhahabu nyengine zinamwasha. Nikaamini. Mtoto huamini jibu la kwanza analopewa, kisha huenda kucheza.

Mambo yalianza alipoposwa dada yangu Raya, aliyekaa Maskati na wazazi wetu. Kwetu dhahabu ya bibi harusi hutandazwa watu waione, na Bibi alitaka chake kiwemo. Lakini kipuli kimoja hakitandazwi. Kila atakayekiona atauliza mwenzake. Basi akakata shauri: mwezi wa harusi ukiandama, kipuli kipelekwe kwa sonara wa sokoni kiyeyushwe, vitoke vipuli viwili vyepesi vya kisasa. Alilisema hilo huku akikisugua kwa kidole gumba, na sauti yake ilikuwa kavu. Shangazi alimsihi asifanye hivyo, kwa kuwa kitu kama kile hakuna tena anayekifanya.

"Zuwena," Bibi akamwambia, "kitu kilichobaki peke yake kinaniuma kuliko kile kilichopotea. Kheri kiende."

Shangazi hakubishana tena. Alitoa kitabu kikubwa cha picha alichorudi nacho kutoka masomoni Kairo, cha vitu vya makumbusho, akawa anakaa nacho kila alasiri baada ya skuli. Mlikuwa na picha ya kipuli cha Wagiriki wa kale: kijitu chenye mabawa kinaning'inia, na chini yake punje zilezile, pembe tatu zilezile. Nilikaa ubavuni pake nikimwangalia akiweka kipuli cha Bibi chini ya kioo cha kukuzia, kisha picha, kisha kipuli. Alinieleza kwamba Wagiriki wale walikuwa mafundi wa kweli, hawakuwa na umeme wala kipimo cha joto, na masonara waliokuja baada yao walishindwa kuwafuata. Ujuzi ukapotea vizazi na vizazi, mpaka watu wa karibuni walipoanza kuutafuta upya wakagundua kwamba siri ni kutu ya shaba, ile ya kijani, iliyochanganywa na gundi. Gundi gani, kitabu hakikusema. "Wametuacha hawa," akisema huku akiipapasa picha, "wametuacha mbali."

Nyumbani kwetu kila aliyetajwa kwa sauti ile alikuwa mtu aliyebaki Unguja. Basi mimi nikafahamu kwamba Wagiriki ni jamaa zetu waliobaki Unguja, watu wa mtaa mmoja na Bibi, na pengine ndio waliouokota mto. Nilikaa na elimu hiyo mpaka darasa la tano, mwalimu wa historia aliponisahihisha mbele ya watu.

Shangazi akamwambia Bibi anakipeleka kipuli kikasafishwe, tukafunga safari mpaka Nizwa kwa sonara mzee aliyekuwa na duka nyuma ya soko. Alivua bangili yake ya pekee ya dhahabu, aliyopewa na marehemu mumewe, akaiweka mezani, akamwomba amfanyie mwili wa kipuli cha pili, sawasawa na kile, na inayobaki amvutie waya mwembamba. Mzee yule alikitazama kipuli muda mrefu. Akasema mwili ataufanya, lakini punje haziwezi. Akitia lehemu zitazama. Wazee wake walijua kuzipanda, yeye hakuwawahi. Alikirudisha kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha msahafu. Mwili na waya tulivifuata baadaye.

Sasa nije kwenye shaba. Kila aliyelelewa na bibi wa Unguja anaijua sheria ya kwanza ya jikoni: chombo cha shaba kikiota kijani kisipikiwe, kisuguliwe kwa ndimu na jivu kisha kitiwe bati, kwani kijani kile kinaua. Bibi alikuwa na hadithi ya karamu nzima iliyolazwa chini na sufuria moja ya pilau, na aliisimulia kila alipotaka nioshe vyombo vizuri. Basi fikiria hali yangu siku nilipoingia stoo kumtafuta paka, nikakuta nyuma ya magunia ya tende beseni limefunikwa. Nikafunua. Chini mna siki, juu yake vimening'inizwa vipande vya shaba, na vyote vimeota kijani kinene. Mtu alikuwa akiilima sumu ndani ya nyumba yetu.

Kesho yake nilimchungulia Shangazi. Alikuwa akiikwangua kwa kisu juu ya karatasi, pua na mdomo kajifunga mtandio. Akasema peke yake, kwa utulivu wa mtu aliyeazimia: "Kabla mwezi haujaandama, nitakuwa nishamaliza."

Nilipanga mambo kama mtoto anavyopanga. Bibi anataka kukiyeyusha kipuli. Shangazi hataki. Mwezi ukiandama kinayeyushwa, na kabla ya mwezi kuandama Shangazi atakuwa ameshamaliza. Nilimpenda Shangazi, ndiyo maana sikwenda kumsema kwa mtu. Nilimpenda Bibi, ndiyo maana nikaamua kwamba hakitapita kitu kinywani mwake ambacho sikukionja kwanza.

Kuanzia hapo kila sahani ya Bibi niliitangulia. Nilitia tonge, nikameza, nikazuia pumzi, nikasubiri, nisipokufa namsogezea. Watu walisema mtoto kawa mlafi. Shangazi akinipiga jicho, nami nikiona katika jicho lile uthibitisho wote ninaoutaka. Kahawa ya Bibi, chungu isiyotiwa kitu, niliinywa machozi yakinitoka, na mara ya kwanza nikawa na yakini kwamba ndiyo yenyewe. Nikalala chini nikatoa shahada. Bibi akaniuliza kama nina usingizi.

Na hapohapo, katikati ya hofu ile, niliona jambo zuri kuliko yote niliyowahi kuyaona. Shangazi alikata ule waya vipande vidogo kabisa, akavichanganya na unga wa makaa ndani ya kikombe cha udongo, akakizika kwenye moto wa seredani na kupuliza kwa mrija. Kilipopoa alikimimina ndani ya bakuli la maji. Weusi ukaelea, na chini zikabaki punje za dhahabu, mviringo mtupu, zinang'ara. Hapana mkono uliozifinyanga. Dhahabu kidogo ikiyeyuka hujikunja yenyewe, Shangazi akaniambia, na akacheka kwa furaha mpaka nikasahau kuwa ni muuaji.

Kuzishikisha ndiko kulikomshinda. Alitumia gundi ya dukani, akachanganya na ule unga wa kijani, akazipanda punje kwa ncha ya unyoya wa kuku, akaweka motoni. Gundi ilichemka na punje zikaruka kama bisi. Akawa anatambaa sakafuni akiziokota kwa kidole kilichorowa. Akajaribu gundi nyengine, zikaruka tena. Nilimwona akikaa mbele ya moto uliozimika, mikono magotini, na mkono wa kulia hauna bangili. Bibi naye alikuwa ameshamwagiza mtu amwambie sonara wa sokoni ajitayarishe.

Siku moja mchana tulikuwa tunakula wali na mchuzi wa papa. Nikatia mkono kwenye sahani ya Bibi, naye akanidaka kifundo cha mkono kama aliyekuwa akinivizia.

"Mke mwenzangu, kwani n'nakunyima chakula?"

Nikaangua kilio, na yote yakatoka: kijani, siki, mtandio, mwezi. Shangazi alikuwa amesimama na jagi la maji, mdomo wazi. Nilidhani dari itatuangukia. Bibi akacheka, akacheka mpaka akakohoa na kulazimika kupigwa mgongoni.

"Nimekaa na watu na wake wenza wao umri wangu wote," akasema alipopata pumzi, "sijapata kusikia mmoja anamuonjea mwenziwe sumu."

Kisha akaugeuza uso upande alikokuwa binti yake na kumuuliza, taratibu, kijani kile ni cha nini. Shangazi hakuwa na pa kujificha tena. Alimwambia habari ya kitabu, ya Wagiriki, ya sonara wa Nizwa na bangili, na kwamba alificha kwa sababu hakutaka kumpa matumaini kisha amnyang'anye. Akaweka jagi chini, akaenda kuleta beseni. Bibi akainama akalinusa, na kicheko kikatoweka usoni mwake.

Alitwambia kwamba sonara aliyefanya vipuli vyake, mtu ambaye asili yake ilikuwa hukuhuku Sharqiyah, mkoa wa Ibra, alikuwa na ada ya kupita nyumba kwa nyumba kabla ya Idi, kuwaomba wanawake kijani walichokikwangua kwenye masufuria. Mama yake Bibi akimwekea chake kwenye kikaratasi. Yeye Bibi, wakati huo mtoto kama mimi, aliamini kwamba yule bwana anakusanya sumu ya mtaa mzima akaitupe mbali ili watu wasife, na kila akisali alimtia katika dua yake baada ya wazazi. "Kumbe n'namuombea, na yeye anakifanyia kazi," akasema. Nilifarijika sana kusikia kwamba hata Bibi aliwahi kuwa mjinga wa kijani kilekile.

Shangazi akapiga magoti mbele yake. Akamuuliza alikuwa akikichanganya na nini. Bibi akasema atajuaje, watoto hawakuruhusiwa kuusogelea moto wake. Akalinusa tena beseni. Puani mwake nikaona kama kuna kitu kimerudi.

"Ila akinuka uwatu," akasema. "Siku zote. Wanawake wakimcheka, wakisema sonara kazaa."

"Ute," Shangazi akasema, akainuka.

Ibra kuna soko la Jumatano la wanawake peke yao, na Jumatano hiyo tulikuwa wa kwanza kufika. Shangazi alinunua uwatu wa kutosha wazazi wa kijiji kizima. Muuzaji akampa mabruk na kumuuliza ni nani kajifungua. Shangazi akamjibu kwa Kiarabu, bila kucheka, kwamba bado, ndiyo tunasubiri. Njia nzima alikuwa akicheka peke yake, na mimi niliyembeba paka na mfuko wa uwatu nilijua kwamba hakuna atakayekufa nyumbani kwetu.

Ute aliuchuja mpaka ukawa mwepesi kama mate, akaupiga na unga wa kijani. Kisha akaanza kupanda. Alipanda baada ya skuli, alipanda baada ya laasiri, mgongo umepinda, akizuia pumzi kila unyoya unaposhuka. Nilipewa kazi ya kushika kioo cha kukuzia, na nilijifunza kukaa kimya kuliko nilivyojifunza msikitini. Punje ikikaa kombo aliing'oa na safu yake yote akaanza upya. Sijaona subira kama ile tena, si kwa mwalimu wala kwa daktari, na mimi binafsi sina hata robo yake.

Siku ya moto Shangazi alifunga madirisha ili aione rangi ya joto. Bibi alikataa kukaa chumbani, akatandikiwa mkeka nyuma yake. Ute ulikauka kimya, haukuchemka. Ukageuka mweusi, na punje hazikutikisika. Nilipokuwa mkubwa alinieleza kilichotokea mle: weusi ule wa mbegu huinyonya kutu mpaka ikabaki shaba tupu, nyembamba kuliko pumzi, na pale shaba na dhahabu zinapogusana huyeyuka mapema kuliko dhahabu yenyewe, zikashikana, basi. Lakini mwenye moto lazima ajue wakati. Dhahabu humeta mara moja, mwili mzima, na ukichelewa kidogo tu kila kitu kinakuwa donge. Shangazi alikuwa akipuliza, jasho linamwingia machoni. Bibi, aliyeona mwanga na vivuli basi, ndiye aliyesema, "Imemeta. Toa." Shangazi akatoa.

Ukubwani nimewahi kusimama katika makumbusho ya nchi ya mbali, mbele ya vipuli vya Wagiriki wenyewe, nyuma ya kioo. Niliinama mpaka pua ikagusa kioo, nikavuta pumzi, na mlinzi akanisogelea kuona nina nini. Singeweza kumweleza. Nilikuwa nikistaajabu jinsi mtu wa kale kabisa na sonara wa Unguja na mwalimu wa skuli ya Ibra walivyofika mahali pamoja, kila mmoja amechutama mbele ya moto wake. Nilitaka pia kujua yule wa kale alikuwa akinuka nini, na wanawake wa mtaani kwake walimwitaje.

Kipuli kilipoa. Shangazi alikiosha kwa maji ya ndimu, weusi ukaondoka, na punje zikatoka moja moja, kila moja imesimama peke yake. Aliweka kipuli kimoja katika kiganja cha kulia cha Bibi na cha pili katika cha kushoto, kisha akarudi nyuma akakaa chini, kama mwanafunzi anayesubiri kusahihishiwa.

Vidole gumba vya Bibi vilianza kutembea. Vilipanda, vikashuka, vikasimama, vikabadilishana. Alivigeuza mkono huu kwenda huu mpaka mimi mwenyewe nikapoteza kipi ni kipi. Hakuuliza. Kisha akaviweka mapajani mwake, akapeleka mkono kwenye sikio la kushoto akachomoa kijiti, akapeleka kwenye la kulia akachomoa na cha pili. Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini miaka yote ile hakuyaacha matundu yakazibana. Akanitafuta kwa mkono, akavitia vijiti katika kiganja changu.

"Katupe, mke mwenzangu," akasema. "Mto umefika."